Fungu Lenye Doa

Nimeuza mboga soko la Lushoto tangu mgongo wangu ukiwa bado umenyooka, na sokoni kwetu bei ina njia moja tu: inashuka. Muuzaji anaanza juu. Mnunuzi anashika kiuno, anasonya, anajifanya anaondoka, anaitwa, anarudi, bei imeshuka. Wakikubaliana, fungu la viazi linaingia kikapuni, lakini mnunuzi haondoki. Anasimama pale pale anakutazama usoni. Anangoja nyongeza. Unamtilia kiazi kimoja juu, au vitunguu viwili vyembamba, ndipo anacheka na kwenda zake. Anayeuza bila nyongeza ana jina lake pale sokoni, na sitaliandika hapa, maana wajukuu watasoma.

Naanza na nyongeza kwa sababu ndiyo iliyonipatia picha. Siku hizi watu wananijia na maswali ya mnada. Bibi, nikinunua kitu nikakikuta na ufa, nakirudisha? Bibi, kwa nini dalali alikataa pesa yangu na hakukuwa na mwingine? Nawajibu wote, mimi wa darasa la nne, na huwa najisikia vizuri sana nikiwajibu. Lakini nilipoingia mnadani mara ya kwanza sikujua neno hata moja, na maneno yenyewe ni ya Kiswahili tu, ndiyo maana yalinipiga chenga.

Kwanza habari za mama yangu, maana bila yeye nisingekanyaga pale.

Mama alizaliwa juu, akaolewa juu, akazaa juu, kwenye mgongo wa mlima upande wa Rangwi. Huko asubuhi ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Baba alipofariki, kaka yangu, ambaye alikuwa amepata shamba chini Magoma, alimchukua mama akakae naye. Alifanya vyema, simlaumu. Nyumba ya juu ikabaki peke yake, mvua zikailaza. Na huko chini kwenye joto miguu ya mama ikavimba, ikawa mizito kama magogo, na habari ya kupanda mlima tena ikaisha.

Kila nilipoteremka kumwona, nikishampa shikamoo yake, hakuuliza watoto kwanza. Aliuliza, "Ukungu wa huko haujambo?"

"Haujambo, mama. Unakusalimu."

"Huku hewa imepikwa," anasema. "Imepikwa ikasahauliwa motoni."

Tulikuwa tukicheka. Halafu safari moja hatukucheka. Alinishika mkono akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ndogo ili kaka asisikie, kwamba akifumba macho aione nyumba yetu, haioni tena. "Naona mkonge," akasema. "Mistari ya mkonge, basi. Mwanangu, kwetu kumetoka kichwani."

Nilipanda basi la kurudi na neno hilo kifuani. Ningeweza kumpelekea mama kabichi, peasi, mboga za mshunga, hata udongo wa kwetu kwenye kopo. Lakini mtu aliyepoteza sura ya kwao unampelekea nini?

Ilikuwa miaka ile Uhuru bado unanukia upya kama khanga ambayo haijafuliwa, na neno Ujamaa ndiyo kwanza lilikuwa linapanda mlima. Wazungu wengi wa Lushoto walikuwa wanafunga mizigo. Mmoja wao alikuwa mama mzee aliyekaa kwenye nyumba kubwa juu ya mji. Nilimpelekea mboga miaka mingi, mlango wa jikoni. Nilijua mikono yake kuliko uso wake: ilikuwa na mabaka ya kijani na bluu kwenye kucha. Nilidhani ni ugonjwa. Nikipokea pesa yake, naifuta kwanza kwenye majani.

Alipoondoka, mbiu ikapigwa sokoni kwamba vitu vya nyumba ile vitauzwa kwa mnada. Siku moja ya kutazama, siku ya pili ya kununua. Kutazama ni bure, kila mtu aje, na mlango wa kuingilia ni wa mbele.

Jirani yangu wa sokoni, muuza peasi, akaacha kupanga matunda. "Wa mbele? Na miguu yetu hii?"

"Ina nini miguu yetu?" nikasema. "Si inatembea?"

Tukaenda. Nawaambieni, nimezaa, nimezika, nimeona bendera yetu ikipanda, lakini kupita mlango ule ni jambo ambalo miguu yangu hii bado inalikumbuka. Sakafu iling'aa hadi nikajiona nimesimama kichwa chini. Jirani yangu alivua viatu akavitia kikapuni. Watu wa mji mzima walikuwamo ndani, wananong'ona kama kanisani, na hakuna aliyekuwa amekufa.

Basi mle sebuleni, ukutani, ndipo nilipoiona.

Ilikuwa picha ya rangi juu ya kitambaa kigumu, pana kama mlango wa banda la kuku, kwenye fremu nzito ya mbao iliyochongwa majani. Nilikuwa karibu nayo mno, nikaona matope tu: rangi imebandikwa madonge madonge, kama ugali uliokauka kwenye mwiko. Nikasema moyoni, aliyechora hii alikuwa hajui. Kisha mtu akataka kupita, nikarudi nyuma kumpisha.

Nikaona kwetu.

Sikuona mlima unaofanana na wetu. Niliona wetu wenyewe. Lile jabali lililoinama kama mtu anayesikiliza, lile. Njia ya kisimani, ile. Migomba ya shangazi, na chini yake bonde limejaa ukungu hadi ukingoni, ukungu wenyewe hasa, ule wa mwezi wa saba, mzito, wenye ubluu kwa chini. Na juu ya ukingo, kidogo kama punje ya mahindi, paa la nyasi. La nani tena? La mama yangu. Nyumba iliyokwisha lala chini, imesimama.

Nikasogea mbele: matope. Nikarudi nyuma: kwetu. Mbele, matope. Nyuma, kwetu. Sikuelewa na mpaka leo sielewi. Kumbe yale mabaka ya kucha yalikuwa rangi: mikono niliyokuwa nikiikwepa ilikuwa imepanda mpaka kule, imekaa kwenye baridi ile, imechukua asubuhi nzima ikaitia kwenye kitambaa, na haikumwagika.

"Unacheza ngoma gani?" jirani akaniuliza. "Mbele nyuma, mbele nyuma."

"Ile nyumba ya mama," nikasema.

Akatazama, akakunja jicho. "Ina doa," akasema. Kweli, juu ya paa, katikati ya ule ukungu mweupe, kulikuwa na alama ya kahawia, kama mtu amerushia chai. "Angalau utaipata kwa bei ya chini."

Kabla sijamjibu, mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu alijipenyeza mbele yetu, akaanza kuipima fremu kwa shubiri za mkono. Alikuwa kinyozi, ametoka Muheza, amepanda mlima kutafuta vioo na viti vya duka lake la kunyolea. Akamwambia mwenzake, sauti juu, "Hii ukitoa huu uchafu wa katikati, kioo changu kinaingia sawasawa."

Uchafu wa katikati! Nilitaka kumwuma.

Usiku sikulala, na asubuhi nilichukua pesa iliyokuwa ya mbegu za viazi, nikaifunga kwenye pindo la khanga. Sikumwambia mume wangu. Alikuwa mtu mwema, lakini mwema wa viazi.

Mnada ulifanyika bustanini. Dalali alikuwa mzee wa Tanga, kanzu nyeupe, koti jeusi, tarbushi nyekundu, na nyundo ndogo ya mbao ambayo aliishika kama mtu anavyoshika kijiko cha dawa. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mmoja mmoja, hakuruka mtu. Kisha akapanda kwenye sanduku, na sauti iliyomtoka sikuitegemea kwa mwili mwembamba ule.

"Jamani, sikilizeni masharti, nisije nikalaumiwa! Vitu vimepangwa mafungu. Ukinunua fungu umenunua lote, huchagui hiki ukaacha kile. Na kila fungu linauzwa kama lilivyo, hapo lilipo. Lina ufa, ufa ni wako. Lina mchwa, mchwa ni wako, ukawalishe."

"Na likiwa na mke ndani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Mke ni wako, na mahari unadaiwa," dalali akajibu hapo hapo, na bustani nzima ikacheka. "Kuna mafungu yana bei ya siri. Naijua mimi na mwenye mali basi. Isipofika hapo, kitu kinarudi ndani, na msinitukane. Ukishataja bei, umetaja. Mnada haurudi nyuma. Na marufuku, nasema marufuku, wanunuzi kupatana pembeni. Nikimsikia mtu anamwambia mwenzake wewe niachie hiki na mimi nikuachie kile, namtoa nje ya lango. Nyundo ikigonga, kitu kina mwenyewe, na mwenyewe afanye apendavyo."

Nilisikiliza kama ninavyosikiliza Injili. Mengine yaliingia, mengine yalipita. Lile la kupatana pembeni liliingia vibaya, kwa sababu usiku nilikuwa nimepanga nimwendee yule kinyozi nimwambie, kaka, chukua fremu yako, niachie uchafu wangu. Sasa nikaumeza mpango.

Vitu vikaanza kwenda. Sikuwa nimewahi kuona jambo kama lile. Mtu ananyanyua kidole, anasema neno, nyundo inagonga meza, ko, na kabati lililokuwa la mzungu tangu sijazaliwa ni la fundi cherehani wa mtaa wa chini. Na bei inapanda! Watu wazima, wenye akili zao, wanashindana kulipa zaidi. Jirani yangu alinifinya kila mara. "Hawa wamelogwa," akasema. "Mbona hakuna anayeomba apunguziwe?"

Kinanda kikaletwa. Mwalimu mmoja akataja bei, hakuna aliyemfuata, na dalali akatikisa kichwa. "Hakijafika. Kirudi ndani." Mwalimu akabaki na mdomo wazi na pesa mkononi. Hapo ndipo nilipoelewa bei ya siri ni nini: ni muuzaji kukaa kimya badala ya kukwambia ongeza. Nikaogopa. Je, kama na picha yangu ina bei imejificha kwenye tarbushi ile?

Ikaja. Watu wawili waliibeba, na pamoja nayo jagi la udongo lisilo na mkono, na ndege mkavu aliyejazwa pamba tumboni, macho ya kioo, anatutazama.

"Fungu hili," dalali akasema, "ni picha moja ya milima, jagi moja, na huyu bwana mwenye manyoya. Picha ina doa, nasema mapema. Kama lilivyo! Halina bei ya siri. Nani ananifungulia?"

"Kumi!" akasema kinyozi.

Nikanyanyua mkono wote mpaka kwapa, si kidole. "Kumi na tano!"

Watu wakageuka. Mwanamke, na kikapu. Kinyozi naye akageuka, akanipima kama alivyopima fremu. "Ishirini."

"Ishirini na tano," nikasema, na hapo pindo la khanga yangu lilikuwa linakaribia kulia.

 Kinyozi alijikuna kidevu. Dalali, ambaye asubuhi yote alikuwa akipiga kelele za "zaidi, zaidi," alikuwa ameshachoka koo. Akakohoa, akanitazama mimi, akatazama watu, akasema kwa upole, "Haya, nyongeza. Nani anataka nyongeza?"

Mimi nikasikia neno la kwetu. Nilikuwa nimemwona aliyenunua kabati akipewa na vitambaa vilivyokuwa ndani yake. Nikasema ndiyo hayo. Tumeshakubaliana bei, mzee wa watu mwenye adabu zake ananiuliza kama nataka changu cha juu. Nani akatae? Nikaruka.

"Mimi! Mimi nataka nyongeza!"

Dalali akakodoa macho. "Wewe?"

"Mimi, mzee. Haki yangu."

"Thelathini!" dalali akasema. "Dada ameongeza, thelathini!"

Bustani ililipuka. Watu walishikana mabega, mwalimu wa kinanda alisahau huzuni yake, jirani yangu akafunika uso kwa kikapu na viatu vyake, ambavyo siku hiyo pia alikuwa amevivua, vikamwangukia. Mimi nilisimama mkono juu, sijui nimefanya nini.

"Binti yangu," dalali akasema, akiinama kutoka kwenye sanduku, "unashindana na nani? Bei ya juu ilikuwa yako."

"Si umeuliza nani anataka nyongeza?"

"Nyongeza ya kutoa, binti yangu. Si ya kupewa."

Niliona dunia imegeuzwa chini juu kama ile sakafu. Neno lilelile, herufi zilezile, sokoni linatia kiazi kikapuni mwangu na hapa linanitoa shilingi pindoni! Nikasema, basi tufute. Akatikisa kichwa, na naapa alikuwa na huruma. "Mnada haurudi nyuma. Nimesema mwanzo."

Lakini nilipomtazama kinyozi, niliona jambo. Hakuwa anacheka. Alikuwa amenikazia macho, na mwenzake alikuwa akimnong'oneza. Kisha akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mwanamke anayejipandishia bei mwenyewe hana mwisho. Mimi nina watoto." Akarudisha mikono mifukoni.

"Mara ya kwanza," dalali akasema. "Mara ya pili."

Nikashika pindo la khanga.

Ko.

Sauti ndogo, kama mtu anavunja karanga. Na kwetu kukawa kwangu: jabali, kisima, migomba, ukungu wote mpaka chini. Nililipa pale pale mezani, pindo likabaki limelegea, na nikaenda kusimama mbele ya fungu langu kama bibi harusi mbele ya masanduku, sijui nianze na lipi. Mbegu za viazi hakuna. Fremu peke yake ilikuwa nzito kuliko mimi.

Kinyozi akanisogelea, kofia mkononi. "Dada, hongera."

"Asante."

"Nyundo imeshagonga. Sasa tunaruhusiwa kusema." Akaangalia kama dalali anatusikia. "Hebu niambie ukweli. Kuna nini humo? Kuna pesa imeshonewa nyuma?"

"Kuna mama yangu," nikasema.

Akagusa mbao kwa kidole. "Na fremu?"

"Fremu ya nini kwangu? Nyumba yangu ni ya udongo, ukuta utaanguka nayo."

Akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi. "Dada, mimi nilitaka fremu tu! Tumepigana kwa kitu ambacho hatukigombanii!"

"Sheria ilitukataza kusema."

"Sheria!" akasema. "Haya, niuzie."

Na hapo, jamani, nilikuwa nimerudi nyumbani. Nilishika kiuno. Nilianza juu. Alisonya, akajifanya anaondoka, nikamwita, akarudi. Bei ikashuka ilivyozoea kushuka, ikasimama pazuri. Mbegu za viazi zikarudi pindoni, karibu zote. Alipokwisha kulipa hakuondoka. Alisimama pale pale ananitazama usoni.

"Na nyongeza?" akasema.

Nikampa ndege. Nasikia alikaa dukani Muheza miaka mingi, juu ya kioo, akiwatazama watu wakinyolewa.

Lakini kabla hajaenda, ilibidi aitoe picha kwenye fremu, na alitoa wembe.  Akailaza juu ya koti lake, akapita na wembe kwenye karatasi ya nyuma, akang'oa kisumari kimoja kimoja, ulimi umetoka pembeni, kama anavyomnyoa kichanga nywele za kwanza. Alipoinyanyua, ikiwa uchi juu ya vijiti vyake, akaigeuza ili anipe, na kwa bahati akawa yuko mbali nayo kidogo, urefu wa mikono. 

"Kumbe ni mahali," akasema.

Niliifunga kwa khanga mbili, nikateremka nayo Soni, Mombo, Korogwe, nimeisimamisha magotini, na utingo aliyetaka kuitupa juu ya basi na makuku nilimwambia maneno ambayo nayo sitayaandika. Magoma nilifika jua likielekea kushuka. Mama alikuwa ameketi nje kwenye mkeka, miguu imenyooshwa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukungu haujambo?"

"Nimekuja nao," nikasema, na nikafungua khanga.

Aliiona kwa karibu, akakunja uso. "Matope hayo."

Nikajua la kufanya. Nikaishika kifuani nikarudi nyuma. "Rudi," akasema mama. Nikarudi. "Rudi tena." Nikarudi mpaka mgongo wangu ukagusa banda la mbuzi. Mimi sikuweza kuiona tena, ilikuwa imenigeukia mgongo. Nilichoona ni uso wa mama tu.

Sijui niuandikeje uso ule. Niliwahi kuona asubuhi ukungu ukiinuka bondeni, kwanza ncha ya mti mmoja, kisha mwingine, kisha ghafla bonde zima liko pale na lilikuwepo muda wote. Ilikuwa hivyo. Midomo yake ilianza kwenda. Alikuwa anataja: jabali, kisima, migomba ya wifi yake, njia ya kwenda misa. Moja moja, hakukosea hata moja. Kaka yangu alitoka ndani, akasimama mlangoni.

Halafu mama akakasirika.

"Mbona hakuna moto kwangu?" akasema. "Asubuhi yote hiyo, na nyumba yangu haina moshi? Huyo aliyechora ananisingizia nililala? Mimi?"

"Mama, labda alikuja mapema sana."

"Mapema gani ya kunishinda mimi?" Akanyoosha shingo. "Sogea. Usisogee sana. Hapo. Hicho cha kahawia ni nini?"

Nilisikia aibu kwa niaba ya picha. "Ni doa, mama. Iliuzwa hivyo hivyo, na doa lake. Dalali alisema mapema."

"Doa!" Mama alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aliposhuka mlima. "Dalali gani huyo asiyejua moshi wa kuni mbichi? Nyumba ya nyasi moshi hautokei juu kama bomba la treni. Unavuja paani kote, unachanganyika na ukungu, unakuwa na rangi hiyo hiyo. Ule ni moshi wangu. Nilikuwa nimeshaamka. Nilikuwa napika uji."

Nikaweka picha chini, nikazunguka, nikarudi nyuma mpaka kwenye mkeka, nikatazama. Bustani nzima ya watu waliona chai iliyomwagika. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa chini ya paa lile, niliona doa na nikafurahi kwamba litashusha bei. Yule mama mzee mwenye kucha za rangi alikuwa ameketi ng'ambo ya bonde kwenye baridi, hamjui mama yangu, hajui jina lake, na ameona kwamba ndani ya ukungu kuna mwanamke ameshawasha moto.

Tuliitundika juu ya kitanda chake. Kesho yake, jua lilipopanda na mabati yakaanza kulia kwa joto, mama akaniita kwa haraka. "Ifunike!"

"Kwa nini, mama?"

"Jua la huku litaukausha ukungu wote. Itabaki milima mikavu. Ifunike mpaka jioni."

Kaka yangu alicheka. "Mama, ile ni rangi tu." Mimi nikaifunika kwa khanga.

Nilipoteremka safari iliyofuata ilikuwa mchana, jua utosini. Nilimkuta kaka, yule yule aliyecheka, amesimama juu ya kigoda anafunika picha, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Mama alikuwa amelala, macho yamefumbwa.

"Acha wazi kidogo pale kwenye moshi," akasema mama. "Moto haujakolea."